Nani Anamuuguza Muuguzi? Hospitali ya Lacor na Ebola ya Mwaka 2000

(Muziki wa kufungua kipindi, kisha unashushwa polepole.)

Leo tunafungua ukurasa wa historia. Tunavuka mpaka mpaka kaskazini mwa Uganda, katika mji wa Gulu, kwenye hospitali inayoitwa St. Mary's Lacor. Mwaka ni 2000. Ugonjwa ni Ebola.

Kila mlipuko wa maradhi unapotokea, redio hutangaza hesabu. Waliougua wangapi, waliofariki wangapi, waliopona wangapi. Hesabu hizo ni za lazima, na sisi wenyewe huzitangaza. Lakini kuna mambo ambayo hayaingii kwenye hesabu. Muuguzi aliyemaliza zamu ya usiku na kulala mchana macho yakiwa wazi, hahesabiwi. Muuguzi anayejipima homa mara tano kwa siku kwa hofu, hahesabiwi. Muuguzi aliyefukuzwa na mwenye nyumba kwa sababu ya kazi yake, naye hahesabiwi.

Swali letu la leo ni hili: muuguzi anapoogopa, ni nani anayemuuguza yeye? Na je, hofu yake ni udhaifu wa moyo, au ni jambo ambalo hospitali, serikali na majirani wanapaswa kulishughulikia kama wanavyoshughulikia upungufu wa glavu?

Ili tuelewe yaliyotokea Lacor, ni lazima kwanza turudi nyuma miaka 24, nchini Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire.

(Muziki mfupi.)

Mwaka 1976, katika kijiji cha Yambuku, kaskazini mwa Zaire, kulikuwa na hospitali ndogo ya misheni. Ilikuwa na wafanyakazi 17. Watu walitoka vijiji vya mbali kufuata dawa, hasa sindano. Lakini sindano zilikuwa chache, na moja ilitumika kwa watu wengi bila kuchemshwa ipasavyo. Ugonjwa ambao haukuwa na jina uliingia hapo na kupita kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Mwishoni mwa Septemba hospitali ilifungwa. Sababu yake ni rahisi na ya kutisha: kati ya wale wafanyakazi 17, 11 walikuwa wamekufa. Katika eneo zima waliougua walikuwa 318, na 280 kati yao walifariki. Baadaye ugonjwa ulipewa jina la mto uliopo upande ule, Ebola.

Mmoja wa masista wa Yambuku alisafirishwa hadi Kinshasa kutibiwa katika kliniki ya Ngaliema. Kati ya waliomhudumia alikuwamo muuguzi kijana, Mayinga N'Seka. Mwezi Oktoba naye akapata homa. Kabla hajalazwa alizunguka mjini. Alipita ofisi za serikali kufuatilia karatasi za safari ya masomo ng'ambo, na akaenda pia kukaa kwenye foleni ya hospitali nyingine. Habari zilipojulikana, hofu ikatanda Kinshasa nzima. Watu aliokutana nao walitafutwa na kuwekwa karantini. Hakuna hata mmoja wao aliyeugua. Mayinga alifariki mwezi huohuo, na aina ile ya kirusi cha Ebola inaitwa kwa jina lake hadi leo katika maabara za dunia.

Wapo waliomlaumu. Lakini tulitazame jambo hili kwa utulivu. Huyu alikuwa binti mwenye ndoto ya masomo, aliyeuguza mgonjwa wa ugonjwa usio na jina, na ambaye aliona jinsi mgonjwa huyo alivyokufa. Mwili wake ulipoanza kuchemka, kulikuwa na utaratibu gani wa kumwambia: njoo hapa, ukisema unaumwa hutatengwa kama mkosaji, tutakutunza? Haukuwapo. Mtu mwenye hofu na asiye na pa kuipeleka hufanya kama alivyofanya Mayinga. Huendelea na shughuli zake kana kwamba hakuna kitu.

Miaka 19 baadaye, mwaka 1995, Ebola ilirudi Zaire, safari hii katika mji mkubwa wa Kikwit. Mgonjwa mmoja, mfanyakazi wa maabara, alifanyiwa upasuaji wa tumbo hospitalini bila mtu kujua ana nini. Waliokuwa chumba cha upasuaji wakaanza kuugua mmoja baada ya mwingine. Kati ya wagonjwa 315 wa mlipuko ule, 80 walikuwa wahudumu wa afya. Hiyo ni robo nzima. Masista sita wa Kiitaliano waliokuwa wakiuguza walikufa. Wafanyakazi wengine walikimbia hospitali, na wagonjwa wakabaki na ndugu zao tu.

Kutokana na Kikwit, wataalamu waliandika mwongozo wa jinsi hospitali za Afrika zinavyoweza kujikinga hata kwa vifaa vichache. Ulitoka mwaka 1998. Ulieleza namna ya kutenga wodi, kuchanganya dawa ya klorini, kuvaa gauni, aproni, barakoa na glavu. Ni kitabu kilichookoa maisha ya wengi. Mwili wa muuguzi ulikuwa umepata kinga kwenye karatasi. Moyo wake ulikuwa bado haujapata.

(Muziki mfupi.)

Sasa tuingie Gulu.

Mpenzi msikilizaji, mwaka 2000 watu wa Acholi, kaskazini mwa Uganda, walikuwa wameshaishi vitani zaidi ya miaka 10. Waasi wa Lord's Resistance Army waliteka watoto na kuchoma vijiji. Wananchi wengi walihamishiwa kambini. Jioni, maelfu ya watu, hasa akina mama na watoto, waliingia ndani ya uzio wa hospitali ya Lacor kulala, kwa sababu hapo angalau palikuwa na ukuta. Hospitali hiyo ilianzishwa na wamisionari wa Comboni mwaka 1959, na ikakuzwa na daktari Piero Corti na mkewe daktari Lucille Teasdale. Lucille mwenyewe alifariki mwaka 1996 kwa Ukimwi, alioupata akiwa chumba cha upasuaji, akiwafanyia upasuaji majeruhi. Kwa hiyo wauguzi wa Lacor hawakuwa wageni wa hatari. Walizoea risasi, walizoea kipindupindu na surua, na walijua kwamba kazi yao inaweza kuua.

Mganga mkuu wa hospitali wakati huo alikuwa daktari Matthew Lukwiya, Mwacholi mzaliwa wa Kitgum. Alikuwa Kampala akisomea shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Mwanzoni mwa Oktoba alipigiwa simu na mwenzake: watu wanakufa kwa namna ya ajabu, na kati yao wamo wanafunzi wa uuguzi. Alirudi Gulu mara moja. Usiku huo alipitia mafaili ya waliofariki, akalinganisha dalili na ule mwongozo wa mwaka 1998. Akahisi ni homa ya virusi inayosababisha kutokwa damu. Hakusubiri barua zipite ofisi baada ya ofisi. Aliijulisha Wizara ya Afya Kampala moja kwa moja, na damu ya wagonjwa ikapelekwa maabara Afrika Kusini. Katikati ya Oktoba jibu likaja: Ebola.

Kabla jibu halijafika, wafanyakazi wa Lacor walikuwa wameshatenga wodi na kuanza kujikinga. Na hapa kuna jambo la kwanza la kukumbuka. Daktari Lukwiya aliamua kwamba wodi ile itahudumiwa na wanaojitolea. Hakumlazimisha mtu kuingia. Muuguzi aliyeingia aliingia kwa hiari yake, na aliyebaki katika wodi za kawaida hakuitwa mwoga mbele ya wenzake.

Ndani ya wodi kazi ilikuwaje? Fikiria jua la Gulu. Umevaa gauni juu ya nguo, aproni ya plastiki juu ya gauni, glavu mbili mbili, kofia, barakoa, miwani na viatu vya mpira. Jasho linateremka machoni na huruhusiwi kulifuta. Ukiwashwa pua unavumilia. Mgonjwa hakuoni uso. Anaona macho tu nyuma ya plastiki. Anakuita kwa jina, kwa sababu ni jirani yako au ni mwanafunzi uliyemfundisha, nawe huwezi kumshika mkono kwa ngozi yako. Anatapika, anaharisha, anatokwa damu, naye anakuuliza kama atapona. Dawa ya kutibu Ebola wakati huo haikuwapo. Kazi yote ilikuwa kumpa maji, kumsafisha, kupunguza maumivu na kumkaa karibu. Kwa maneno mengine, tiba yenyewe ilikuwa uuguzi, na aliyeitoa ni muuguzi.

Kisha akaanza kulazwa muuguzi mwenzao. Hili ndilo lililovunja mioyo. Kumuuguza mgonjwa usiyemjua ni kazi ngumu. Kumuuguza yule aliyekuwa kitanda cha pili bwenini, aliyekupokea zamu wiki iliyopita, ni jambo jingine kabisa. Unapomtazama, unajitazama. Taarifa za baadaye zilionyesha kwamba kati ya wahudumu wa afya 22 walioambukizwa Gulu, 14 waliambukizwa baada ya wodi za kutenga wagonjwa kuanzishwa. Ukuta ulikuwepo, glavu zilikuwepo, na bado watu waliugua. Uchovu, usingizi na huruma ya ghafla vina nafasi yake katika hatari hiyo. Mtu anayeanguka kitandani akiwa rafiki yako, unamkimbilia kwanza, unakumbuka miwani baadaye.

Na nje ya uzio? Huko nako hakukuwa na pumziko. Watafiti waliozungumza na wauguzi wa Gulu baada ya mlipuko walieleza mambo ambayo wengi wetu tutayatambua. Watu waliacha njia wakimwona muuguzi anakuja. Familia nyingine zilimsihi binti yao aache kazi, na nyingine zilimwomba asije nyumbani. Waliopona walirudi na kukuta nguo na vitu vyao vimechomwa. Muuguzi alijikuta kati ya pande mbili. Hospitalini anaogopa kuambukizwa, mtaani yeye ndiye anayeogopwa.

Tusiwahukumu haraka watu wa Gulu. Jamii ya Waacholi ina utaratibu wake wa kale kuhusu maradhi ya mlipuko, ambayo huyaita gemo. Wazee wakishatangaza kwamba ni gemo, mgonjwa hutengwa katika nyumba iliyo mbali kidogo na wengine. Miti mirefu ya matete huwekwa kama alama ili wageni wasiingie. Ngoma na mikusanyiko husimamishwa. Aliyepona hukaa mwezi mzima kabla ya kutembea huru. Na anayemhudumia mgonjwa huwa ni mtu ambaye ameshaupata ugonjwa ule akapona, au mzee. Angalia hekima iliyomo hapo. Wazee wale walijua kwamba mwenye kuuguza anahitaji kuchaguliwa kwa uangalifu, na kwamba si sawa kumtupa mtu yeyote mbele ya mauti. Hospitali ya kisasa ilikuja na glavu na klorini. Lakini muuguzi wa hospitali hakuwa mtu aliyekwisha kupona. Alikuwa kijana mwenye miaka ya ishirini na kitu, mwenye mtoto nyumbani au mama anayemtegemea.

(Muziki mfupi.)

Mwishoni mwa Novemba, hofu iliyokuwa imekaa vifuani kwa wiki sita ilitoka hadharani. Katika muda mfupi wafanyakazi kadhaa wa hospitali walikufa kwa kufuatana. Asubuhi moja wauguzi hawakwenda kwenye wodi. Walikusanyika katika ukumbi wa shule ya uuguzi, mamia ya wafanyakazi, wakiwa na uchungu na hasira. Daktari Lukwiya alipofika akawauliza wanataka nini. Jibu lilikuwa kwamba hospitali ifungwe.

Tusimame hapa kidogo, msikilizaji. Kuna njia mbili za kuisimulia asubuhi ile. Ya kwanza husema: wauguzi waligoma, daktari shujaa akawatuliza, kazi ikaendelea. Ni simulizi nzuri, lakini inawaonea wauguzi. Watu hawa walikuwa wamezika wenzao bila kuwaosha, bila kuwalilia kwa desturi, bila hata kuwagusa. Walikuwa wamefanya kazi hiyo kwa wiki sita. Kusema hospitali ifungwe ndiyo njia waliyoiona ya kusema: tumefika mwisho. Hilo halikuwa uasi. Lilikuwa dalili, kama homa ilivyo dalili.

Lukwiya naye alifanya nini? Hakuwafukuza kazi wala kuita polisi. Alikaa nao saa nyingi. Alizungumza kwa ukali na kwa upole. Aliwakumbusha kwamba hospitali ikifungwa, wagonjwa wote wa Ebola na wasio wa Ebola watakosa pa kwenda, na ugonjwa utaingia majumbani. Aliwaambia kwamba wakiamua kufunga, yeye ataondoka Gulu na hatarudi tena. Waliomsikia walijua kwamba hayo si maneno ya ofisini. Mwaka 1989, waasi walipokuja hospitalini kuwachukua masista, ni yeye aliyejitolea achukuliwe badala yao, akakaa nao porini kwa siku kadhaa. Na sasa alikuwa akiingia wodi ya Ebola kila siku, kwa zamu kama wao. Mkutano uliisha kwa kuimba pamoja. Wauguzi walirudi kazini.

Kilichowarudisha ni nini? Ujasiri walikuwa nao tangu mwanzo. Hawakuupata asubuhi ile. Walichopata ni nafasi ya kusema hofu yao mbele ya wenzao wote na mbele ya mkubwa wao, na kusikilizwa hadi mwisho. Walipata kuona kwamba anayewaongoza anashiriki hatari ileile. Na walipata kuomboleza, hata kama ni kwa nyimbo chache tu, wale ambao hawakuwa wamewaomboleza.

Siku chache kabla ya mkutano ule, usiku wa manane, daktari Lukwiya alikuwa ameitwa kwa haraka. Muuguzi mmoja aliyekuwa amelazwa kwa Ebola alichanganyikiwa, akainuka kitandani huku akitokwa damu nyingi. Lukwiya alivaa gauni, glavu na barakoa, lakini hakuvaa miwani ya kukinga macho. Inaaminika kwamba ndipo alipoambukizwa. Baada ya mkutano alianza kupata homa. Vipimo vilithibitisha. Tarehe 5 Desemba 2000 alifariki, akazikwa siku hiyohiyo ndani ya hospitali, karibu na kaburi la Lucille Teasdale. Waliobeba jeneza walivaa mavazi ya kujikinga, na waombolezaji walisimama mbali.

Zaidi ya wafanyakazi 10 wa Lacor walikufa katika mlipuko ule. Katika Uganda yote waliougua walikuwa 425 na waliofariki 224. Mwishoni mwa Februari 2001 ilitangazwa kwamba ugonjwa umekwisha. Kati ya milipuko mikubwa ya Ebola iliyotangulia, huo ulikuwa na kiwango kidogo zaidi cha vifo kuliko Yambuku na Kikwit. Aina ya kirusi ilichangia. Lakini pia hospitali haikufungwa. Yambuku ilifungwa kwa sababu wafanyakazi walikuwa wamekufa. Lacor ilibaki wazi kwa sababu wafanyakazi walirudi.

(Muziki mfupi.)

Mlipuko ukiisha, magari ya mashirika huondoka na waandishi wa habari huondoka. Muuguzi hubaki. Hubaki na wodi ileile aliyomfunika mwenzake shuka. Hubaki na harufu ya klorini, ambayo kwa wengine ni harufu ya usafi lakini kwake ni harufu ya mazishi. Wataalamu wa afya ya akili wanatuambia kwamba baada ya matukio kama haya mtu anaweza kukosa usingizi kwa miezi, kushtuka ovyo, kuota ndoto zilezile, kukasirika bila sababu, kujilaumu kwa kuwa yeye alipona na mwenzake hakupona, au kuwa baridi kabisa, haoni huruma wala furaha. Wengine hutafuta pombe. Wengine huacha kazi kimyakimya. Hayo si wazimu wala si laana. Ni jeraha, na jeraha hutibika likihudumiwa mapema.

Historia haikusimama Gulu. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, Ebola ilipiga mashariki mwa Kongo, Beni, Butembo na maeneo ya jirani ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko. Watu 3,470 waliugua, 2,287 walifariki. Huko wauguzi waliogopa kirusi na waliogopa risasi pia. Vituo vya matibabu vilishambuliwa. Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko kutoka Cameroon aliuawa katika hospitali mjini Butembo akiwa kazini. Mwaka 2020 uliotangazwa na Shirika la Afya Duniani kuwa mwaka wa wauguzi na wakunga, ndio ulioleta Uviko-19. Uganda ilipofunga usafiri wa umma mwezi Machi mwaka huo, wauguzi wengi walitembea kwa miguu kwenda zamu, alfajiri na usiku. Mwaka 2022 Ebola ikazuka Mubende, na wahudumu 19 wa afya wakaambukizwa, saba wakafa. Mmoja wa waliofariki alikuwa daktari kijana Mtanzania aliyekuwa Uganda kwa masomo ya upasuaji. Na Januari 2025 mlipuko mwingine ulipotangazwa Kampala, mgonjwa wa kwanza kutambuliwa alikuwa muuguzi, na aliyetambuliwa alikuwa ameshakufa.

Kwa hiyo, msikilizaji, historia hii inatufundisha nini tunachoweza kukifanya?

Wakubwa wa hospitali, la kwanza ni kusema ukweli. Muuguzi akiambiwa hatari ilivyo na vifaa vilivyopo, hofu yake hupata mipaka. Akifichwa, hofu haina mwisho. La pili ni zamu zenye kikomo, na kufanya kazi wawili wawili, ili mmoja amtazame mwenzake anapovaa na anapovua. Aliyechoka haoni kosa lake mwenyewe. La tatu ni posho na mshahara kwa wakati. Muuguzi anayejiuliza watoto watakula nini hawezi kutuliza mgonjwa. La nne ni kikao cha wazi kabla mambo hayajafika ukumbini kwa hasira, ambako mtu anaweza kusema naogopa bila kuandikwa kwenye faili. La tano ni kuomboleza. Desturi za mazishi zikizuiwa kwa usalama, itafutwe njia nyingine: majina yasomwe, wimbo uimbwe, mti upandwe.

Wauguzi wenyewe, kuna kitu kinaitwa huduma ya kwanza ya kisaikolojia. Haihitaji shahada. Ina hatua tatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama mwenzako aliyebadilika. Msikilize bila kumkatiza wala kumhubiria. Kisha muunganishe na mtu au huduma inayoweza kumsaidia zaidi. Na usisubiri hadi uwe umevunjika ndipo useme.

Na sisi majirani? Pengine ndio tuna dawa iliyo rahisi kuliko zote. Muuguzi akirudi mtaani kwetu, tumsalimie. Si lazima kumshika mkono wakati wa mlipuko; salamu ya mbali nayo ni salamu. Watoto wake wasibaguliwe kisimani wala shuleni. Chakula kinaweza kuachwa mlangoni. Mwenye nyumba asimfukuze mpangaji wake kwa kosa la kuuguza watu, maana wagonjwa anaowauguza ni sisi.

Wazee wa Acholi walijua kwamba anayemhudumia mgonjwa wa gemo lazima achaguliwe kwa uangalifu. Wauguzi wa Lacor walilipa gharama kubwa kutukumbusha jambo hilohilo. Ukipita karibu na hospitali leo jioni, wakati zamu zinabadilishana, utawaona wakitoka langoni na mifuko yao midogo. Mmoja wao muulize tu: habari za kazi? Kisha subiri jibu.

Huu ndio mwisho wa kipindi chetu cha leo. Kama wewe ni mhudumu wa afya na una jambo limekukaa moyoni, zungumza na mtu unayemwamini, au mwone mshauri katika kituo cha afya kilicho karibu nawe. Tukutane tena juma lijalo. Kwa niaba ya wote walioandaa kipindi hiki, tunawatakia usiku mwema, na wale walio kwenye zamu, tunawatakia zamu ya heri.

(Muziki wa kufunga kipindi.)